Dereva wa Karatu na Daftari la Madeni

Wanangu, leo sina hadithi ya sungura wala fisi. Nina hadithi ya dereva wa watalii wa pale Karatu. Msiniulize jina lake, kwa sababu si mtu mmoja. Nimemtunga kwa kuwaunganisha madereva, wapishi wa hoteli na wakulima wa vitunguu, na yote yaliyompata ni mambo yanayowapata watu wa huku kila mwaka. Wenye ndugu Rhotia, Oldeani au Mang'ola huenda wakamwona mjomba wao humu ndani. Wasimcheke.

Kwanza mjue mji wenyewe. Gari likitoka Arusha hupita Makuyuni, likafika Mto wa Mbu, likapanda ukuta wa Bonde la Ufa, likapita Rhotia na kuingia Karatu. Hapo watu hujaza mafuta, hununua maji, hulala. Kesho yake hupanda hadi lango la Loduare na kuingia Ngorongoro. Kreta yake ni mlima wa volkeno ulioporomoka zamani sana ukaacha shimo. Ukisimama ukingoni, nyati walioko chini, kama mita 600, huwaoni vizuri bila darubini. Tangu mwaka 1979 Ngorongoro imo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huja kuiona kutoka kila bara.

Wageni hao ndio wanaolisha mji. Lakini hawaji sawasawa mwaka mzima. Juni hadi Oktoba magari yanapishana barabarani. Desemba hadi Februari wanakuja tena. Kisha masika inaingia, njia za hifadhini zinakuwa tope, hoteli nyingine zinafunga vyumba, na Aprili na Mei madereva wengi wanakaa nyumbani wakitazama mvua. Ndiyo miezi ambayo watu hukopa. Mimi simlaumu mtu aliyekopa Aprili kununua unga. Ninachotaka mkione ni kwamba shida ya Aprili ilianza Agosti, siku ambazo hela ilikuwa nyingi na hakuna aliyekuwa na hofu.

Agosti dereva wetu alikuwa hashikiki. Safari ikiisha, wageni humpa bahashishi, noti za dola ndani ya bahasha. Jioni akipita penye nyama choma wenzake wanapaza sauti: "Mzee, wageni wameshuka! Leo nani anatoa?" Naye anatoa. Mbuzi mzima, soda kwa meza mbili, bia kwa wanaokunywa. Mwezi huohuo akanunua runinga kubwa na sabufa inayotikisa mabati. Mwenzake wa kazini akamletea kadi ya mchango wa harusi ya mwaka unaofuata, akaahidi laki moja papo hapo, mbele za watu. Hakukopa hata shilingi moja Agosti, na kwa hiyo aliamini kabisa kwamba hana tatizo la fedha.

Januari ikamkuta mtupu. Serikali ilifuta ada za shule mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula bado vinatafutwa nyumbani, na watoto wake ni watatu. Wageni wa Krismasi walikuwepo, lakini hela yao ilishaliwa na sikukuu. Akaenda kwa mama mmoja anayekopesha mtaani, mikopo ile watu wazima huiita kausha damu. Akapewa 300,000. Masharti: riba ya asilimia 30 kila mwezi, na kadi yake ya benki abaki nayo mama, pamoja na namba ya siri.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu hili jambo nimeliona likivunja nyumba za watu. Namba ya siri ya benki au ya simu haiachwi kwa mkopeshaji. Akiwa nayo, siku ya mshahara yeye ndiye anayetangulia kwenye mashine, na wewe unakwenda kuchukua kilichobaki, kama kimebaki.

Dereva akalipa riba mwisho wa Januari. Akalipa Februari. Machi wageni walikuwa wamepungua, akakopa 45,000 kwenye simu ili kujazia riba ya mwezi huo. Duka la jirani likamwandikia unga, mafuta na sukari hadi 62,000. Mke wake alikuwa mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, wakachukua humo 400,000. Shemeji yake akawakopesha 500,000, hakutaka riba, alitaka tu zirudi. Riba ya Aprili ilipolipwa, ndani hakukuwa na kitu, na simu yake ikilia alikuwa anaigeuza kifudifudi asione anayepiga.

Siku moja akapanda bodaboda kwenda Rhotia kwa mama yake, pamoja na binti yake mkubwa wa darasa la sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Kazi hakuna, mama. Wageni hadi Juni."

"Mwaka jana waliondoka lini?"

"Machi."

"Na mwaka juzi?"

"Machi pia."

"Kumbe tarehe unazijua." Mama akawa anapepeta mbaazi huku anaongea. "Sisi mahindi tunavuna mara moja, tunakula mwaka mzima. Nikivuna gunia kumi na mbili nikapika gunia nane mwezi wa kwanza, majirani watasema nimechanganyikiwa. Hizo hela za wageni ndizo mavuno yako. Mbona unazimaliza Agosti?"

Dereva hakuwa na jibu. Mama hakumpa fedha, maana hakuwa nazo. Alimpa debe mbili za mahindi na mbaazi, kisha akamwambia mjukuu wake atoe daftari la shule, afungue ukurasa wa nyuma, aandike kila deni la baba yake na jina la anayemdai.

Yule binti akaandika kwa mwandiko wake wa duara. Mama wa mtaani, 300,000. Simu, 45,000. Duka, 62,000. Kikoba, 400,000. Shemeji, 500,000. Mchango wa harusi, 100,000, kwa sababu bibi alisema ahadi uliyoitoa mbele za watu nayo ni deni. Akajumlisha: 1,407,000. Dereva alishtuka. Kichwani mwake alikuwa na "kama laki nane hivi". Watu wengi sana wenye madeni hawajui jumla yake, kwa kuwa kuijua kunatisha, na mtu asiyeijua hawezi kupanga.

"Baba, huyu wa kwanza umeshamlipa kiasi gani?"

"Tisini kila mwezi, miezi minne."

Binti akazidisha pembeni. "Ni 360,000. Kwa hiyo sasa anakudai ngapi?"

"Laki tatu."

"Bado?"

Ndiyo, bado. Alikuwa analipa riba peke yake, na mtaji wa yule mama haujaguswa. Angeendelea hivyo mwaka mzima angelipa 1,080,000 na bado angedaiwa 300,000 zilezile. Sasa linganisheni. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Chini ya sheria hiyo, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji hao, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu, hiyo ni 10,500 kwa mwezi. Miezi minne ni 42,000. Chukueni kalamu mtoe 42,000 kwenye 360,000, mtaona tofauti ya kukopa kwa mwenye leseni na kukopa kwa asiyekuwa nayo.

Na ninyi wenye simu, jueni kwamba wakopeshaji wa namna hii wapo pia mtandaoni. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi kwenye simu, unapewa elfu thelathini kwa dakika tano. Ukichelewa kulipa, mwalimu wako, mchungaji wako na mama mkwe wa dada yako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kubonyeza chochote, angalia orodha ya wenye leseni, au muulize mtu mzima aangalie pamoja nawe.

Turudi Rhotia. Daftari likishaandikwa, swali ni nani alipwe kwanza. Wapo wanaoshauri uanze na deni dogo kabisa ili upate moyo. Wapo wanaosema anza na lenye riba kubwa, kwa sababu ndilo linalokua ukiwa umelala. Mimi niko na hawa wa pili, ila deni la elfu arobaini na tano linaloweza kufutwa leo lifutwe leo. Na kabla ya yote hayo, kukopa kunakoma. Mtu anayelipa deni huku anachukua jingine yuko palepale.

Dereva aliuza runinga na sabufa kwa 230,000, chini kabisa ya bei aliyonunulia, na iliuma. Halafu akateremka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu ya bonde la Ziwa Eyasi yanayomwagiliwa kwa maji ya chemchemi, akafanya kibarua cha kushona na kupakia magunia. Mikono iliyozoea usukani ikatoka malengelenge. Akarudi na 110,000. Jumla 340,000. Akafuta mkopo wa simu siku hiyohiyo, zikabaki 295,000.

Akaenda kwa yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rejesho umekuja nalo?"

"Nimekuja nalo, mama, na deni lako silikatai. Leo nakukabidhi laki mbili na sabini za mtaji. Elfu thelathini nitaleta Juni wageni wakirudi. Ombi langu ni moja: riba isimame leo, tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kadi yangu nirudishiwe."

"Na biashara yangu nayo?"

"Hela yako imeshazaa laki tatu na sitini kwangu, mama."

Yule mama alinuna, akazungumza maneno makali, akahesabu noti mara mbili. Mwisho alikubali, maana anawajua wadaiwa waliohamia Babati usiku bila kuaga. Karatasi iliandikwa, ikasainiwa, mwenyekiti akagonga muhuri. Dereva akatoka hapo moja kwa moja hadi benki, akabadilisha namba ya siri.

Elfu ishirini alilipunguzia duka. Kwa mwenye harusi alikwenda mwenyewe, hakutuma ujumbe. Alimwambia, "Ndugu yangu, laki niliyoahidi sinayo, na sitaki uipange kwenye bajeti ukaikosa. Siku ya harusi nitaendesha gari la maharusi kuanzia asubuhi hadi ukumbini, sitaki malipo." Mwenzake alishukuru, kwa sababu alikuwa anatafuta dereva wa kukodi. Michango ya harusi ni kitu kizuri cha kwetu, inainua watu, lakini nimeona vijana wanakopa kwa riba ili wachangie sherehe ya siku moja, na hilo mimi silikubali.

Deni la shemeji likabaki. Madeni ya ndugu ndiyo husahaulika, kwa kuwa ndugu hapigi kelele. Huku kwetu kusaidiana kuna taratibu zake za zamani. Kwa Wamaasai wa Ngorongoro upo uhusiano uitwao osotua. Mwenye shida humwomba mwenzake kile anachokihitaji tu, mwenye nacho hutoa kiasi ambacho hakimwangushi yeye mwenyewe, na hakuna anayeweka hesabu. Wairaqw nao hupeana ng'ombe wa kutunza: wewe unakamua maziwa na kupata samadi, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Mifugo ikiwa imesambaa kwenye maboma ya watu mbalimbali, ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi yote. Shemeji hakutoa kwa njia hizo. Alikopesha, kiasi kilitajwa, mwezi ulitajwa. Dereva akampigia simu kabla hajapigiwa, akamweleza: "Shemeji, kuanzia Agosti nitakuwa natuma laki kila mwezi. Nimeshindwa kwa wakati niliosema, nisamehe." Shemeji akasema sawa.

Siku ile njiani kurudi kutoka Rhotia, binti alikuwa ameuliza swali zuri. "Baba, kwa hiyo kukopa ni kubaya?"

Baba yake alibabaika, kwa hiyo nitamjibia. Mkulima wa Mang'ola akikopa mbolea kwenye SACCOS kwa riba ya haki, akapalilia, akavuna, mkopo umemzalia. Mkulima yuleyule akichukua fedha kwa mchuuzi na kuahidi magunia yakiwa bado shambani, bei anapanga mchuuzi, na vitunguu vikipanda yeye anatazama tu. Wengi wenu siku moja mtasoma chuo kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi. Ule nao ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa hadi uishe, na ni bora ulijue hilo ukiwa bado sekondari. Halmashauri nazo hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini mkopo wa kulipia mbuzi aliyekwisha kuliwa hauwezi kukuzalia kitu.

Juni wageni wakarudi. Elfu thelathini zikapelekwa, karatasi ikachanwa mbele ya mwenyekiti. Duka likamaliziwa. Sasa ukaja mtihani mgumu kuliko kuuza runinga, nao ni ile njia ya jioni inayopita penye nyama choma. Dereva alikuwa amepatana na mkewe kwamba bahasha haifunguliwi barabarani. Inafika nyumbani, inafunguliwa mezani, na katika kila laki moja, elfu arobaini ni ya madeni, elfu thelathini ni ya masika, elfu thelathini ni ya kula.

"Mzee, wageni wameshuka!" wenzake wakaita. "Leo nani anatoa?"

"Leo natoa chai na chapati, karibuni."

Walicheka. Mmoja alisusa. Wawili walikaa wakanywa chai, na mmoja kati yao akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anadaiwa milioni mbili, akauliza aanzie wapi. Dereva akamwambia atafute daftari.

Kwa nini iwekwe ya masika, wakati kila mtu anajua Juni itarudi? Kwa sababu kuna mwaka haikurudi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 corona ikaja, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kwa wiki kadhaa, na mwaka mzima wakaja 620,867. Karatu ilikaa kimya Juni, kimya Julai. Waliokuwa na unga wa miezi mitatu na shamba la mbaazi walipita. Waliokuwa na runinga mpya na mkopo waliuza vitu kwa bei ya kutupa, na wanunuzi walikuwa wachache.

Fedha hiyo ya masika hakuiweka mfukoni wala chini ya godoro. Mkewe aliipeleka kwenye kikoba kama hisa. Mtindo huu wa vikundi ulianza mwaka 1991 nchini Niger, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima hadi kwetu. Mnaweza kuuona kwa macho: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na kila wiki fedha zinahesabiwa chini, mbele ya wote. Mtu mmoja akitaka kuchukua kwa siri hawezi. Anayekopa analipa riba, lakini riba hiyo inarudi sandukuni na kugawiwa kwa wanachama, naye akiwemo. Deni lao la 400,000 waliliondoa humo Septemba.

Vikoba vingi huvunja mzunguko Desemba, na mgao unayeyuka kwenye sikukuu. Mke wa dereva alisimama kwenye kikao akatoa hoja: "Sisi wa Karatu shida yetu inakuja Aprili. Kwa nini tunagawana Desemba?" Walibishana wiki mbili. Wapo waliotaka nguo za Krismasi, na si vibaya mtoto kupata nguo. Ilipigwa kura, wengi wakakubali mgao uwe wiki ya mwisho ya Machi.

Desemba shemeji alipokea laki ya tano. Machi sanduku likafunguliwa, na familia ya dereva ikapata 900,000. Binti, ambaye sasa yuko darasa la saba, alifungua lile daftari na kuandika: Aprili 300,000, Mei 300,000, Juni 150,000 hadi safari ya kwanza, na 150,000 zirudi kuwa hisa za mzunguko mpya.